Kuchagua printa kubwa ya picha za sanaa: wino na fundi kwanza, mashine baadaye

Printa kubwa ya kuchapa picha za sanaa ni bidhaa ambayo bei yake ya dukani haimwelezi mnunuzi gharama halisi. Mashine yenye upana wa inchi 44 inaweza kununuliwa Dubai au Ulaya, ikafika Mombasa au Dar es Salaam ikiwa nzima, ikachapa picha safi kwa wiki tatu, kisha ikasimama kwa sababu katriji moja kati ya kumi na mbili imekwisha na nyingine ya namba hiyo haipatikani Afrika Mashariki. Kwa mfanyabiashara anayeagiza ili auze, au anayetaka kufungua karakana ya kuchapa nakala za michoro kwa ajili ya hoteli, maduka ya watalii na wachoraji wenyewe, swali la printa ipi ina picha nzuri zaidi linaweza kusubiri. La kwanza ni wino wake utatoka wapi, na kichwa kikiziba nani atakizibua.

Ubora wa picha wenyewe umekwisha kuwa jambo dogo. Kampuni tatu zinazojulikana zaidi katika aina hii, Epson, Canon na HP, zote zimefikia kiwango ambacho mteja wa kawaida akiwekewa picha tatu mezani hawezi kusema ipi ni ya nani. Tofauti iliyobaki ni ya uendeshaji, na hapo ndipo pesa za wengi huishia.

Mashine tatu zinazofanana kwa umbo

Kosa la kwanza hufanyika kabla hata ya kufika bandarini. Sokoni mashine yoyote pana inayochapa kwa wino huitwa printa kubwa au plota, lakini ziko za aina tatu ambazo haziwezi kufanya kazi ya mwenzake.

Ya kwanza ni ya mabango, ile inayoonekana katika maduka ya uchapaji ya Nasser Road mjini Kampala, River Road mjini Nairobi na Kariakoo. Hutumia wino wa kutengenezea, yaani solventi au eko-solventi, na huchapa juu ya vinili na turubai la plastiki. Kazi yake hustahimili jua na mvua, lakini mara nyingi ina rangi nne au sita tu, na karatasi nzuri ya pamba haikutengenezwa kwa ajili ya wino huo. Ya pili ni ya wachora ramani na wasanifu majengo. Upana wake ni ule ule wa inchi 24, 36 au 44, bei yake ni ya chini sana, na ndiyo inayowadanganya wengi. Nyingi za aina hiyo zina rangi nne au tano, na katika baadhi yake rangi hizo huwa ni za kuyeyuka majini, si za chembe. Ramani ya nyumba inatoka vizuri. Picha ya machweo ya Lamu itatoka na mistari angani, na ikitundikwa ukutani huweza kufifia mapema.

Ya tatu ndiyo inayohusika hapa: printa ya wino wa maji wenye chembe za rangi, ambao wachapaji huuita wino wa pigimenti, yenye rangi kati ya nane na kumi na mbili, inayochapa juu ya karatasi ya pamba, karatasi ya picha na kanvasi iliyopakwa dawa ya kupokea wino.

Biashara hii yenyewe si ya zamani. Mwaka 1991 mwanamuziki Graham Nash na mwenzake Mac Holbert walifungua Nash Editions huko Manhattan Beach, California, wakitumia mashine ya Iris 3047 iliyogharimu dola 126,000 za Marekani na ambayo haikuundwa kwa ajili ya sanaa bali kwa sampuli za viwanda vya uchapaji. Mwaka huo huo mchapaji Jack Duganne alibuni jina la Kifaransa giclée, ambalo hadi leo maduka ya sanaa hulitumia kupandisha bei. Mashine hiyo ya kwanza ilitolewa kwa jumba la makumbusho la Smithsonian mwaka 2005. Tatizo lake kubwa lilikuwa wino: ulikuwa wa kuyeyuka, na picha zilififia.

Mwaka 2000 somo hilo lilirudiwa kwa printa ndogo. Wateja wa Epson walionunua Stylus Photo 870 na 1270 waligundua kwamba picha nyingine ziligeuka rangi ya chungwa baada ya wiki chache, ijapokuwa zilikuwa zimefanyiwa majaribio ya mwanga. Kilichokuwa kikila rangi ya samawati kilikuwa hewa ya ozoni. Mwaka 2002 zilipokuja Stylus Pro 7600 na 9600 zenye wino wa chembe wa UltraChrome, mchapaji mdogo aliweza kuuza picha kubwa bila kuogopa kwamba mteja atairudisha mwaka unaofuata. Zote zinazostahili kuitwa printa za sanaa leo hutumia wino wa aina hiyo. Muuzaji asiyeweza kusema kama wino wa mashine yake ni wa chembe au wa kuyeyuka hana budi kuachwa.

Wino: namba ya katriji na eneo lake

Printa za aina hii hutumia katriji za mililita 130 hadi 700, na kila rangi ina yake. Canon PRO-4000 iliyotoka mwaka 2016 ina nafasi kumi na mbili, kumi na moja zikiwa za rangi na moja ya kimiminika kisicho na rangi cha kusawazisha mng'ao, na katriji zake ni za mililita 160, 330 na 700. Epson SC-P9500 ya mwaka 2020 nayo ina rangi kumi na mbili. HP Z9+ ya mwaka 2018 ina tisa, na katriji zake ni za mililita 300. Seti moja ya rangi kumi na mbili za mililita 350 ni lita 4.2 za wino, na thamani yake huweza kukaribia nusu ya bei ya mashine ndogo ya aina hiyo. Mililita moja katika katriji kubwa siku zote ni nafuu kuliko katika ndogo, lakini katriji kubwa inayokaa mwaka mzima bila kwisha inapitwa na tarehe, na unafuu wote unapotea.

Wino unaokuja ndani ya kasha la mashine mpya usihesabiwe kama akiba. Sehemu kubwa hutumika kujaza mirija mirefu inayotoka kwenye katriji hadi kwenye kichwa. Mnunuzi anayepanga kuanza na wino huo na kuagiza mwingine faida ikipatikana atajikuta amesimama kabla hajamaliza oda ya kwanza. Hivyo seti ya pili iingizwe katika mtaji tangu mwanzo.

Linalowaumiza zaidi wanaonunua nje ya nchi ni mgawanyo wa maeneo. Watengenezaji huuza mashine ile ile kwa majina na namba tofauti Marekani, Ulaya na Mashariki ya Kati, na Asia, na katriji huwa na chipu inayotambua eneo. Epson iliyouzwa Marekani kama P9570 ni ndugu wa P9500 ya Ulaya, lakini namba za katriji zao hazilingani. Mtu aliyeletewa mashine na ndugu yake kutoka Marekani, au aliyenunua mnadani Ulaya, anaweza kukuta katriji zinazouzwa Nairobi zinakataliwa, na hakuna fundi wa kawaida atakayelitatua hilo kwa bisibisi. Dawa ni ndogo na haigharimu kitu: kabla ya kutuma fedha, muuzaji aandike namba kamili ya mashine na namba ya kila katriji, kisha namba hizo zipelekwe kwa wauzaji wawili tofauti wa wino waliopo Afrika Mashariki. Wote wawili wakisema hawana na hawajawahi kuagiza, bei nafuu ya mashine imekwisha kujibu kwa nini ni nafuu.

Kuhusu wino mbadala wa kujazia, hoja zipo pande zote. Kwa mabango na picha za sherehe unaweza kuleta faida. Kwa picha inayouzwa na cheti cha mchoraji hauna nafasi, kwa kuwa ahadi ya kudumu hutokana na majaribio yaliyofanywa kwa wino fulani juu ya karatasi fulani. Maabara ya Wilhelm Imaging Research ya Marekani, ambayo matokeo yake hunukuliwa na karibu kila kampuni, hukadiria miaka ya picha kwa kudhania mwanga wa luksi 450 kwa saa 12 kila siku, joto la nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 60. Ukibadilisha wino, makadirio hayo hayakuhusu tena. Hata bila kubadilisha, mwuzaji wa Mombasa au Unguja akumbuke kwamba chumba cha pwani chenye dirisha wazi kina joto na unyevu kupita wa maabara, na miaka 100 ya kwenye kijitabu cha matangazo asiiandike kwenye cheti chake kama ahadi.

Kichwa cha kuchapia na umeme unaokatika

Kichwa ndicho moyo wa mashine, na hapa kampuni hutofautiana kwa jambo linalomgusa moja kwa moja mtu aliye mbali na mji mkuu. Canon na HP huchapa kwa joto: wino huchemshwa kwa nukta ya sekunde na kurushwa. Vichwa hivyo huchakaa, lakini mtumiaji huvibadilisha mwenyewe kwa dakika chache. HP hutumia vichwa vidogo kadhaa, hivyo kikiharibika kimoja havitupwi vyote. Canon hutumia kimoja kikubwa, chenye utaratibu wa kufanya matundu mazima yazibe pengo la yaliyoziba, na hilo huficha tatizo hadi kichwa kinapokaribia kufa. Epson hutumia kioo kinachotikisika kwa umeme na kusukuma wino bila joto. Kichwa chake kinaweza kudumu maisha yote ya mashine, ila kikiziba kabisa au kikikwaruzwa, kukibadilisha ni kazi ya fundi aliyeidhinishwa, na gharama yake mara nyingi humfanya mwenye mashine afikirie kununua nyingine.

Kwa karakana iliyopo Nairobi au jiji lingine lenye fundi wa kampuni, yoyote kati ya tatu itafaa. Kwa Bukoba, Kigoma, Arua au Goma, ambako fundi atasafiri siku mbili na kulipwa posho, mashine ambayo mwenyewe anabadilisha kichwa ndiyo salama, na kichwa cha akiba kiagizwe pamoja nayo. Anayechagua Epson mahali kama hapo anunue mkataba wa matengenezo au akubali kubahatisha.

Kuna jambo ambalo vijitabu vya Ulaya havilisemi kwa sababu huko si kawaida. Mashine ikimaliza kazi hurudisha kichwa kwenye maegesho yake, na kifuniko chenye unyevu hukilinda kisikauke. Umeme ukikatika katikati ya kuchapa, kichwa hubaki wazi pale kilipokuwa. Ukirudi baada ya dakika kumi hakuna neno. Ukirudi kesho yake, matundu yamekauka, na usafishaji utakaofuata utameza wino wa picha kadhaa, ukifanikiwa. Kwa bahati nzuri printa hizi hazili umeme mwingi, nyingi ni kama wati 100 zinapochapa, hivyo UPS ya kawaida ya ofisini inatosha kuifikisha picha mwisho au kuisitisha ili kichwa kirudi kwenye maegesho. Kununua mashine ya maelfu ya dola bila UPS ni kuweka akiba mahali pasipofaa.

Mashine hizi kwa kawaida hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo transfoma haihitajiki. Plagi ndiyo hubadilika: Kenya, Uganda na Tanzania hutumia pini tatu bapa, Rwanda, Burundi na Kongo hutumia za mviringo. Waya sahihi ununuliwe mapema badala ya kuunganisha kwa adapta ya kichochoroni inayolegea kila mashine inapotikisika.

Hewa nayo ina masharti yake. Miongozo mingi huruhusu unyevu usiozidi asilimia 80, kiwango ambacho asubuhi za masika Dar es Salaam na Mombasa hukipita. Bara, wakati wa kiangazi, shida huwa kinyume: hewa kavu hukausha matundu, na umeme tuli huvuta vumbi juu ya karatasi. Chumba kidogo chenye kiyoyozi, dirisha lililofungwa na kipimo cha unyevu cha bei ndogo kinatosha pande zote mbili. Vumbi la barabarani ndilo lisilosameheka, maana chembe moja ya mchanga iliyokwama kwenye kanvasi huweza kukikwaruza kichwa.

Upana, rangi na weusi wa aina mbili

Upana unaouzwa zaidi kwa kazi hii ni inchi 24, yaani sentimita 61, na inchi 44, yaani sentimita 112. Zipo za inchi 60 na zaidi, lakini hizo ni za karakana kubwa. Wengi huanza na inchi 24 kwa sababu ya bei, na kwa karatasi si uamuzi mbaya. Kwa kanvasi ni tofauti. Picha ya sentimita 60 kwa 80 itakayovutwa juu ya fremu ya mbao inahitaji ziada ya sentimita tano hivi kila upande, hivyo kipande kinachochapwa ni 70 kwa 90, na hakiingii kwenye inchi 24. Kwa kuwa kanvasi ndiyo inayosafiri vizuri ndani ya begi la mtalii, anayelenga soko hilo asidanganywe na tofauti ya bei ya mashine.

Roli nalo huleta hesabu yake. Roli la karatasi ya pamba la Hahnemühle Photo Rag lina urefu wa mita 12. Kwa upana wa inchi 44 picha mbili za sentimita 50 kwa 70 hukaa bega kwa bega, na roli zima hutoa picha 32. Kwa upana wa inchi 24 hutoa 16 tu.

Kuhusu wingi wa rangi, jambo la kuangalia ni aina ya michoro. Picha za Tingatinga, ambazo Edward Saidi Tingatinga alizianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya ubao mwembamba, zina machungwa, kijani na nyekundu kali ambazo wino wa rangi nne hauzifikii. Mashine iliyoongezewa rangi ya chungwa, kijani na zambarau, au nyekundu na buluu, huzikaribia zaidi. Mpiga picha za rangi nyeusi na nyeupe kwa upande wake atatafuta mashine yenye kijivu zaidi ya kimoja. Mnunuzi mwenye busara huleta faili ya kazi anayoiuza, na kuomba ichapwe mbele yake. Picha ya maonyesho ya kampuni, ile ya kasuku na matunda, hupendeza kwenye kila mashine.

Wino mweusi uko wa aina mbili, wa karatasi isiyong'aa na wa karatasi ya kung'aa. Mashine nyingi za zamani za Epson huwa na njia moja kwa zote mbili, na kila kubadilisha karatasi humwaga wino. SC-P9500 ina njia mbili, na Canon na HP zilikwisha kufanya hivyo. Karakana inayochapa kanvasi asubuhi na picha za harusi mchana iepuke mashine yenye njia moja, hata ikiwa imetumika kidogo na bei inavutia.

Kisha faili. Mashine haiongezi kisichokuwepo. Picha ya sentimita 60 kwa 80 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji karibu pikseli milioni 67. Kwa nukta 200, ambazo kwa kanvasi zinatosha, ni kama milioni 30. Picha ya mchoro iliyopigwa kwa simu chini ya taa ya dukani haitoshi, na gharama ya kupiga picha michoro kwa kamera nzuri, taa mbili na skrini iliyopimwa rangi iingie katika mpango wa biashara.

Hesabu ya wiki

Mfano unaweza kuonyesha kwa nini wingi wa kazi ni sharti kuliko bei. Wino unaotumika kwa picha za aina hii huwa takriban mililita 10 hadi 15 kwa mita ya mraba. Picha ya sentimita 50 kwa 70, kwa mililita 15, hutumia mililita 5.25. Tuchukulie mililita moja inagharimu senti 60 za dola, basi wino wa picha moja ni dola 3.15. Tuchukulie pia kwamba kwa wiki mashine inatumia mililita 40 kujisafisha, iwe imechapa au haikuchapa. Wino huo ni dola 24. Kwa picha 32 za wiki, kila picha inabeba senti 75 za usafishaji. Kwa picha nne, kila moja inabeba dola sita, karibu mara mbili ya wino uliobaki kwenye karatasi yenyewe, na tanki la wino mchafu, ambalo pia hununuliwa, linajaa vile vile.

Takwimu za mfano zitabadilika kwa kila mashine na kila chumba, lakini mwelekeo haubadiliki. Mwenye oda nne kwa wiki atafaidi zaidi akipeleka faili zake kwa mwenye mashine jijini na kuletewa roli kwa basi. Wachoraji watatu au wanne wakishirikiana mashine moja hesabu hugeuka. Kumzimia mtu printa kwa miezi miwili ili kuokoa wino, kama wengine wanavyoshauri, ni njia ya hakika ya kuua kichwa.

Kuagiza, kupakia na kupitisha forodha

Mashine ya inchi 44 huwa na uzito wa kilo 80 hadi 160 kulingana na aina, na kasha lake hukaribia urefu wa mita mbili. Isilazwe kwa ubavu wala kusimamishwa wima, hata kama lori limejaa. Msafirishaji aombe vibandiko vya kuonyesha mwinamo, apige picha ya kasha kabla ya kupakia, na asikubali kutia saini ya mzigo uliokwisha kupasuliwa pembe. Hatari kubwa zaidi ni mashine iliyokwisha kutumika. Hiyo ina wino ndani ya mirija, na ikiinamishwa wino humwagikia mitambo. Kila kampuni ina utaratibu wake katika menyu wa kuondoa wino na kufunga mkono wa kichwa kabla ya safari. Muuzaji afanye hivyo, na mnunuzi aone ushahidi kabla ya kulipa salio. Mashine iliyomwagiwa wino kati ya Mombasa na Kampala haina bima inayoilipa kirahisi.

Kabla ya kuikubali mashine iliyotumika, ichapwe karatasi ya majaribio ya matundu na ile ya taarifa inayoonyesha kiasi ilichokwisha kuchapa. Mstari uliokatika sehemu moja si msiba. Uliokatika sehemu ile ile baada ya kusafishwa mara tatu ni kichwa kipya.

Wino wa maji kwa kawaida si bidhaa ya hatari, na husafiri na mizigo mingine. Wino wa solventi unaowaka moto ni habari nyingine: husafirishwa kama bidhaa ya hatari ya daraja la 3, namba UN 1210, na kuuchanganya katika ankara moja kwa jina la wino tu kunaweza kuzuia mzigo wote. Joto nalo lizingatiwe, kwani wino wa chembe haupaswi kukaa kwa mwezi zaidi katika nyuzi 40, na kontena lililoachwa juani bandarini hupita hapo. Karatasi na kanvasi zibaki kwenye plastiki zake hadi siku ya kutumika, na zikifika zipumzike chumbani siku nzima kabla ya kufunguliwa.

Kenya, Tanzania na Uganda zina utaratibu wa PVoC, yaani kukaguliwa kwa bidhaa katika nchi inakotoka, chini ya KEBS, TBS na UNBS. Mnunuzi amuulize wakala wake mapema kama mashine yake inahitaji cheti hicho, hasa ikiwa ni ya mitumba. Printa inayounganishwa na kompyuta iko chini ya namba ya ushuru 8443.32, wakati wino wa kuchapia uko chini ya 3215, hivyo visiandikwe pamoja kama seti moja ya vifaa. VAT ya kawaida ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Uganda na Tanzania Bara, na hulipwa juu ya thamani pamoja na nauli na bima. Waranti nayo huwa ya nchi au eneo: mashine iliyonunuliwa Dubai na kuuzwa tena Kampala inaweza kufika kwa mteja wa mwisho ikiwa haina waranti yoyote, na muuzaji wa kati aliyenyamaza ndiye atakayedaiwa.

Picha zikishatoka, huwa bidhaa mpya yenye namba yake. Nakala iliyochapwa kwa mashine, hata juu ya kanvasi, hata ikiwa na saini ya mchoraji, haiingii namba 9701 ya michoro iliyofanywa kwa mkono mtupu, wala 9702 ya chapa za asili, kwa kuwa sura ya 97 inakataa njia za kimashine. Inaingia 4911.91, picha zilizochapwa. Baadhi ya wauzaji huandika michoro kwenye ankara ili bidhaa ionekane ya thamani, kisha hukwama afisa wa forodha wa Namanga au Malaba anapokunjua roli na kukuta simba kumi wanaofanana hadi unywele. Pamoja na ankara iwepo barua ya idhini ya mchoraji inayotaja idadi ya nakala, kwani bila idhini hiyo mzigo unaweza kulalamikiwa KECOBO nchini Kenya au COSOTA nchini Tanzania, na hapo anayeshikiliwa na bidhaa ni yule aliyekuwa akizisafirisha.